Seyyida Salme na Usagara: binti wa Sultani uhamishoni

Walimu na wanafunzi wa historia tunaokutana nao hapa Dodoma humfahamu Seyyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan wa Zanzibar, kwa habari ya mapenzi yake na mfanyabiashara wa Kijerumani. Habari hiyo ni ya kweli, na haishangazi kwamba ndiyo inayopendwa kusimuliwa. Inayosahauliwa ni miaka yake ya uhamishoni, ambayo ilifungamana na namna Usagara, nchi ya milima ya upande wa Kilosa na Mpwapwa, ilivyotwaliwa na Wajerumani. Kwa sababu hiyo mtu wa Mpwapwa anapoisoma habari ya binti huyu wa pwani, anasoma pia kipande cha historia ya kwao.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, mama yake akiwa suria kutoka Sirkasia, nchi ya milima ya Kaukazi. Wasichana wa jumba walifundishwa kusoma Kurani lakini hawakufundishwa kuandika, naye akajifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ndio uliomwingiza katika siasa. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipokula njama za kumpindua kaka yao Majid, aliyekuwa Sultani, Salme, ambaye bado alikuwa msichana mdogo, alifanywa katibu wa njama hizo na kuandika barua zake. Jaribio hilo lilishindwa, na Barghash akapelekwa Bombay, alikokaa takriban miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kurudi. Ni vyema msomaji alikumbuke hili: mtu ambaye baadaye alimfungia Salme mlango wa kurudi nyumbani alikuwa ameonja uhamisho yeye mwenyewe.

Mwaka 1866, akiwa mjamzito, Salme aliondoka Zanzibar kwa siri katika manowari ya Kiingereza iliyomfikisha Aden. Huko, mwaka uliofuata, alibatizwa kwa jina la Emily, akafunga ndoa na Heinrich Ruete, yule mfanyabiashara wa Kijerumani, nao wakaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 Ruete alifariki katika ajali ya tramu, akamwachia mjane wake watoto watatu wadogo katika nchi ambayo lugha yake bado alikuwa akijifunza. Mwaka huohuo Majid naye alifariki, na Barghash akakalia kiti cha usultani.

Hapo ndipo tunapoona kinachomtofautisha mkimbizi wa ukoo wa kifalme na mkimbizi mwingine. Mkimbizi wa kawaida hudai hifadhi, lakini huyu ana dai jingine, yaani mirathi, na dai hilo linaweza kuchukuliwa na serikali yoyote inayotafuta sababu ya kumbana aliye madarakani. Salme alidai sehemu yake katika mali ya baba yake na ya ndugu zake waliofariki. Barghash alikataa kwa hoja ya sheria, kwamba aliyetoka katika Uislamu hamrithi Mwislamu. Kisheria hoja hiyo ilikuwa na nguvu, ingawa ni vigumu kuamini kwamba ndiyo pekee iliyomsukuma. Wakati huo Salme alikuwa akihama mji hadi mji nchini Ujerumani, akipata riziki kwa kufundisha Kiarabu. Barghash alipozuru London mwaka 1875, dada yake alimfuata huko ili wapatane, lakini Waingereza, ambao miaka miwili kabla walikuwa wamemtia Sultani shinikizo atie saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, hawakutaka mgeni wao asumbuliwe. Sir Bartle Frere, mwakilishi wa Waingereza, alimshawishi Salme asimwone kaka yake kwa ahadi ya msaada wa kuwasomesha watoto, na ahadi hiyo haikutimizwa.

Zamu ya Wajerumani ilifika miaka kumi baadaye. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters, Mjerumani aliyetafuta makoloni, alipita bara akikusanya mikataba ya kutwaa nchi kutoka kwa watawala wa huko, ukiwemo ule wa mtawala Mangungo wa Msovero, na Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi juu ya Usagara, Nguru, Useguha na Ukami. Barghash alipinga, akieleza kwamba nchi hizo zilikuwa chini yake. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, na katika msafara huo alikuwemo Salme pamoja na watoto wake, aliyeletwa kwa idhini ya Bismarck, kansela wa Ujerumani. Kwa kuwa alikuwa raia wa Ujerumani kwa ndoa, madai yake yangeweza kugeuzwa kuwa madai ya dola. Haikulazimu kufika huko, kwa sababu Barghash, mbele ya mizinga, aliridhia hati ile ndani ya siku chache. Usagara ikaenda, na mirathi ya Salme haikuwa na kazi tena. Wajerumani wakaendelea na safari yao ya bara hata wakajenga kituo Mpwapwa, na Salme akarudi Ulaya bila mirathi aliyoifuata.

Alirejea Zanzibar mara moja zaidi, mwaka 1888, na hakufanikiwa. Baada ya hapo hakutaka kuishi Ujerumani. Alikaa Jaffa, kisha Beirut hadi mwaka 1914, aliporudi Ujerumani, na alifariki huko Jena mwaka 1924. Kumbukumbu alizozichapisha Berlin mwaka 1886 hutajwa kuwa miongoni mwa tawasifu za kwanza za mwanamke wa Kiarabu.

Ukoo wake uliendelea kutoa wakimbizi. Khalid, mwana wa Barghash, alishikilia jumba Agosti 1896 akidai usultani, akapigwa mizinga na Waingereza kwa muda usiofika saa moja, akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani na kupelekwa Dar es Salaam. Wajerumani walimhifadhi, na katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walimkamata na kumpeleka uhamishoni mbali. Alifariki Mombasa mwaka 1927. Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho, alitawala miezi sita tu kabla ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, kisha akaishi Uingereza zaidi ya miaka 50. Hakukuwa na dola iliyolihitaji dai lake. Alihamia Oman mwaka 2020 na kufariki huko Desemba 2024, akiwa na umri wa miaka 95.