Cillian Murphy hakuanzia Birmingham

Kwenye saluni ninakonyoa kuna picha moja tu ukutani isiyo ya mtindo wa nywele. Ni Tommy Shelby, jambazi wa Birmingham katika tamthilia ya Kiingereza ya Peaky Blinders, anayeigizwa na Cillian Murphy, kofia imeshuka hadi usawa wa nyusi, sigara mdomoni. Vijana wanaingia, wananyoosha kidole: "Ninyoe kama yule Mwingereza." Nimebishana juu ya sentensi hiyo mara nyingi mno, na kila ukiubishia uongo mmoja unazaa mwingine. Nimeona bora niyaandike yote pamoja, kwa sababu maisha ya kweli ya huyu jamaa ni mazuri kuliko yale tunayomtungia.

Kwanza, si Mwingereza. Cillian Murphy alizaliwa tarehe 25 Mei 1976 Douglas, pembeni mwa jiji la Cork, kusini mwa Ayalandi. Katikati ya jiji hilo palichomwa moto na vikosi vya Uingereza Desemba 1920, wakati wa vita vya uhuru, kwa hiyo kumwita mtu wa Cork Mwingereza ni kumkosea kwelikweli. Yeye mwenyewe aliigiza mpiganaji wa vita hivyo katika The Wind That Shakes the Barley, filamu iliyotwaa Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 2006. Lafudhi ya Birmingham anayozungumza Tommy ameifanyia kazi, si ya nyumbani kwao. Na jina lake ni Kilian, si Silian: kwa Kiairishi, c husomwa k.

Uongo wa pili ndio unaoniuma zaidi, kwamba Peaky Blinders ndiyo iliyomwibua. Tamthilia ile ilianza kuonyeshwa na BBC Septemba 2013. Wakati huo alikuwa na miaka 37, na kati ya hiyo 17 ilikuwa imeishia kwenye uigizaji. Pamoja na hayo, mwandishi wake Steven Knight alisita kumpa nafasi, maana ana kwa ana Cillian ni mpole na mwembamba, hafanani kabisa na jambazi. Knight amesimulia kwamba baada ya kikao chao alipokea ujumbe mfupi kwenye simu: kumbuka mimi ni mwigizaji. Mtu hapati ujasiri wa kuandika hivyo kwa siku moja. Ulitoka Cork.

Wengine husema ana digrii ya uigizaji. Hana. Familia yao ni ya walimu: mama alifundisha Kifaransa, baba alifanya kazi wizara ya elimu, na mashangazi na wajomba nao walikuwa humo humo darasani. Cillian ndiye kifungua mimba wa watoto wanne, na kifungua mimba wa nyumba kama hiyo hutarajiwa asome. Akaingia Chuo Kikuu cha Cork kusomea sheria. Lakini roho yake ilikuwa kwenye gitaa. Yeye na mdogo wake Páidi walikuwa na bendi, na kampuni ya muziki ya London iitwayo Acid Jazz ikawawekea mezani mkataba wa albamu tano. Wakaukataa. Mdogo mtu alikuwa bado sekondari, na mkataba ungewanyang'anya haki za tungo zao kwa pesa kidogo.

Kilichombadilisha ni usiku mmoja kwenye klabu ya Sir Henry's, pale Cork, alipotazama kundi la Corcadorca likiigiza humo humo katikati ya watu. Mwongozaji wake, Pat Kiernan, aliwahi kumfundisha kidogo maigizo shuleni. Cillian akamganda hadi akakubali kumpa usaili. Basi angalia Agosti 1996, ambao mwenyewe huutaja kama mwezi uliogeuza maisha yake: bendi inakataa mkataba, anafeli mitihani ya sheria, anapata nafasi katika mchezo wa Disco Pigs ulioandikwa na Enda Walsh, na anakutana na Yvonne McGuinness, msanii ambaye walikuja kuoana mwaka 2004.

Disco Pigs ni watu wawili tu jukwaani, yeye na Eileen Walsh. Ni vijana waliozaliwa siku moja, hospitali moja, sasa wanatimiza miaka 17, na wana lugha yao ambayo mtu wa nje ya Cork anaifukuzia kwa shida. Hakuna pa kujificha. Ukipoteza pumzi, ukumbi mzima unajua. Mchezo ulipangiwa muda mfupi pale Cork, ukaishia kuzunguka Ulaya, Kanada na Australia. Hicho ndicho kilikuwa chuo chake. Ndiyo maana katika filamu ya 28 Days Later ya mwaka 2002 anaweza kuvuka daraja la Westminster peke yake, na nguo za hospitali, mfuko wa plastiki mkononi, London tupu, na neno lake likawa "haloo" tu, nawe ukashindwa kubandua macho.

Halafu kuna wanaosema mwongozaji wa filamu Christopher Nolan alimbeba. Alimjaribu kwa uhusika wa Batman, akampa Christian Bale, kisha akampa Cillian uhusika wa adui kwa sababu macho yake yalikataa kumtoka kichwani. Zikafuata filamu nyingine nne, zote za kukaa nyuma ya wenzake, kabla ya kupewa uhusika mkuu katika Oppenheimer mwaka 2023. Karibu miaka 20! Huko si kubebwa.

Oscar aliyoipata kwa filamu hiyo Machi 2024 nayo imetiwa chumvi. Si Mwairishi wa kwanza kuipata, maana Barry Fitzgerald wa Dublin aliitwaa miaka ya 1940 kama mwigizaji msaidizi. Cillian ni wa kwanza mzaliwa wa Ayalandi kushinda kama mwigizaji bora wa kiume, na jukwaani alijitaja kuwa Mwairishi mwenye fahari, akashukuru kwa Kiairishi.

Mwaka huo huo ilitoka Small Things Like These, ambamo anacheza muuza makaa wa mji mdogo wa Ayalandi. Enda Walsh ndiye aliyeandika mswada. Itazame, kisha mwangalie vizuri mke wa yule muuza makaa, anayekaa naye jikoni usiku akimsihi asijitafutie matatizo. Ni Eileen Walsh.