Gharama kamili ya umiliki: bei ya programu isiyoandikwa kwenye tangazo

Mfanyabiashara anapotafuta programu ya kuandika mauzo, kufuatilia stoo au kutoa ankara, swali la kwanza huwa "ni shilingi ngapi kwa mwezi?" au sarafu yoyote anayotumia. Swali si baya, ila jibu lake ni la kuingilia mlangoni tu. Gharama kamili ya umiliki ni jumla ya vyote ambavyo programu itakula tangu siku unapoanza kuijaribu hadi siku unapoachana nayo: ada, vifaa, saa za wafanyakazi, malipo ya fundi, na usumbufu wa kuhama.

Dhana hii ilipata umaarufu kuanzia mwaka 1987, kampuni ya utafiti ya Gartner ilipoitumia kupima gharama halisi za kompyuta za mezani maofisini. Bei ya kununulia mashine ilikuwa sehemu tu ya mzigo. Nyuma yake walikuwepo mafundi, mafunzo, na muda wa watu waliokaa wakihangaika na mashine badala ya kufanya kazi. Hesabu hiyo ilibuniwa kwa ajili ya wakubwa, lakini kwa maoni yangu mdogo ndiye anayeihitaji zaidi. Kwenye kampuni kubwa, programu ikisumbua kuna idara ya kusumbuka nayo. Kwenye biashara ya watu wanne, anayesumbuka ndiye huyohuyo aliyetakiwa kuhudumia wateja.

Tuanze na ada, kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Zamani ulinunua leseni mara moja na programu ikawa yako. Siku hizi nyingi hukodishwa kwa mwezi. Adobe, kampuni ya programu za picha na usanifu, kwa mfano, ilielekeza matoleo yake mapya kwenye mfumo wa usajili mwaka 2013, na wengine wengi wamepita njia hiyo. Maneno ya kuangalia ni "kwa kila mtumiaji". Ada ya 15 kwa mwezi inaonekana ndogo. Watumiaji watano kwa miezi 12 ni 900, na kwa miaka mitatu ni 2,700. Hapo bado hujamhesabu mhasibu wa nje anayeingia mara moja kwa mwezi, wala kibarua wa msimu, na wote wawili mfumo unaweza kuwahesabu kama watumiaji kamili. Wengine hukwepa kwa kutumia akaunti moja watu wote. Ada hupungua kweli, lakini siku ankara ikifutwa hutajua nani aliyeifuta.

Programu ya bure nayo ina gharama zake. Google ilikuwa na toleo la bure la huduma zake za ofisi kwa biashara. Ilifunga mlango kwa wateja wapya Desemba 2012, na mwaka 2022 ikazitaka biashara zilizobaki kwenye toleo hilo zianze kulipa. Programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, kama LibreOffice ya kazi za ofisi, hazina ada ya leseni, nazo ni nzuri, ila ukichagua mfumo huria wa kuendesha mwenyewe kwenye seva yako (kompyuta inayouhudumia mfumo huo), lazima awepo mtu wa kuuweka, kuusasisha na kuchukua nakala rudufu. Kama mtu huyo ni wewe, usiku, baada ya kufunga hesabu, basi andika saa zako kwenye orodha ya gharama.

Saa ndizo zinazosahaulika kuliko kitu kingine chochote. Chukua biashara yenye programu moja ya kupokea malipo na nyingine ya uhasibu, na hizo mbili hazisemezani. Kila mauzo yanaingizwa mara mbili. Tuseme kuingiza mara ya pili kunachukua dakika nne, na mauzo ni 30 kwa siku. Hizo ni dakika 120, yaani saa mbili kila siku. Kwa siku 26 za kazi, saa 52 kwa mwezi. Hakuna ankara yoyote ya programu itakayokuonyesha saa hizo 52. Zimejificha ndani ya mshahara unaoulipa tayari. Programu yenye ada mara mbili lakini inayopeleka mauzo moja kwa moja kwenye vitabu vya hesabu inaweza kuwa nafuu kuliko ile ya bei ya chini, na hutaliona hilo ukilinganisha ada peke yake.

Halafu kuna kuingia na kutoka. Kuhamisha data ndipo ahadi za muuzaji hupimwa. Programu nyingi zitakuambia unaweza kupakua kila kitu katika faili la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato. Sasa lifungue faili hilo kwenye lahajedwali kama Excel uone. Namba ya simu inayoanza na sifuri hupoteza sifuri yake, kwa kuwa lahajedwali huidhani ni tarakimu ya kujumlisha. Tarehe 03/04 inaweza kusomeka Machi au Aprili kutegemea mpangilio wa kompyuta. Msimbo wa bidhaa kama 1E5 hugeuka kuwa 100000. Usidhani huu ni uzembe wa wenye biashara ndogo tu: mwaka 2020 wataalamu wanaosimamia majina ya jeni za binadamu walitoa mwongozo mpya na kubadili majina kama MARCH1 na SEPT1, kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza kuwa tarehe. Wanasayansi walikubali yaishe; Excel yenyewe ilikuja kuwekewa njia ya kuzima ugeuzaji huo mwaka 2023.

Kutoka kuna tatizo jingine. Majina ya wateja na orodha ya bidhaa hutoka kirahisi. Vinavyobaki nyuma ni historia: nani alilipa nusu, picha za risiti zilizobandikwa kwenye kila gharama uliyoandika, maelezo uliyoandika pembeni mwa jina la mteja, na uhusiano kati ya ankara na malipo yake. Kadiri unavyokaa ndivyo historia hiyo inavyonenepa, na ndivyo kuhama kunavyopanda bei. Mtoa huduma anaijua hali hiyo vizuri anapopandisha ada mwaka wa tatu.

Sheria zimeanza kugusa jambo hili. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, iliyoanza kutumika 25 Mei 2018, inampa mtu haki ya kupewa taarifa zake kwa muundo unaosomeka na mashine. Lakini hiyo ni haki ya mtu binafsi, si ya biashara juu ya vitabu vyake. Sheria nyingine ya umoja huohuo kuhusu data, iliyoanza kutumika 12 Septemba 2025, inawabana watoa huduma za wingu, yaani programu na hifadhi za data zinazotumika kupitia intaneti, waruhusu wateja kuhama, na inafuta tozo za kuhama kuanzia 12 Januari 2027. Nje ya Ulaya, mara nyingi kinga yako ni kile kilichoandikwa kwenye masharti ya matumizi.

Kwa hiyo kipindi cha majaribio kitumie kwa kutoka, si kwa kuingia tu. Ingiza wateja kumi wa kweli, watolee ankara, pokea malipo ya sehemu, rekebisha kosa moja, kisha pakua kila kitu ukifungue kwenye programu nyingine. Hapo utajua zaidi kuliko ukisoma kurasa zote za matangazo. Fanya jaribio hilo hata kwa programu ya kampuni kubwa, maana ukubwa si dhamana: Microsoft iliinunua programu ya orodha za kazi ya Wunderlist mwaka 2015, na Mei 2020 ikafungwa.

Hesabu yenyewe ipige kwa miaka mitatu. Mwaka mmoja unaipendelea programu yenye ada ndogo ya kuanzia, na miaka kumi ni ramli. Pia usiipige kwa kila kitu. Programu ya kupunguza ukubwa wa picha haistahili karatasi ya hesabu. Ukiichoka unaifuta na maisha yanaendelea. Hesabu hii iwekee vile vinavyobeba fedha, stoo na wateja.

Jambo moja huibuka baada ya watu kudhani wamemaliza kuhama: kumbukumbu za kodi. Mamlaka za kodi katika nchi nyingi hutaka ankara na rekodi zitunzwe kwa miaka kadhaa, na akaunti ikishafungwa mtoa huduma anaweza kuzifuta baada ya muda uliotajwa kwenye masharti yake. Kabla ya kulipa ada ya mwisho, pakua kila ankara kama PDF, hifadhi nakala sehemu mbili tofauti, na ufungue chache uhakikishe zinasomeka.