Je, wajua? Injini ya rotari inaweza kutoa moshi ikiwa nzima, na kugoma kuwaka bila moshi wowote

Ukisikia gari linapigwa stata mpaka betri inakaribia kulala, kisha linawaka kwa kishindo na kuufunika mtaa mzima kwa moshi, utasema lina ugonjwa gani? Mimi nilisema ringi zimekwisha. Nilimwambia hivyo jirani yangu bila kusita, nikamshauri aanze kutafuta injini nyingine mapema. Gari lake ni Mazda RX-8, lililoshushwa bandarini Dar es Salaam likiwa limeshatumika Japani miaka mingi. Gereji ya kwanza aliyolipeleka ilisema kama mimi, ikaongeza kwamba na valvu zitakuwa zimeungua.

Injini ya RX-8 haina pistoni. Haina valvu, haina kamshafti, haina silinda hedi. Mimi na gereji ile tulikuwa tumetoa hukumu juu ya vitu ambavyo havimo ndani ya gari.

Ni injini ya rotari. Wazo ni la Mjerumani Felix Wankel. Kampuni ya NSU iliwasha injini ya kwanza ya majaribio mwaka 1957, na mwaka 1967 yakatoka magari mawili yaliyoipa umaarufu, NSU Ro 80 ya Ujerumani na Mazda Cosmo Sport ya Japani. NSU ilielemewa na gharama za kuwabadilishia wateja injini zilizokufa mapema. Mazda ikaendelea: RX-7 kuanzia 1978 hadi 2002, ushindi wa mbio za magari za Le Mans mwaka 1991 kwa gari la rota nne, kisha RX-8 kuanzia 2003 hadi 2012. Hayo yanatosha kwa leo.

Ndani yake kuna rota, pande la chuma lenye ncha tatu na mbavu zilizotuna, kama sambusa nene. Sambusa hiyo inazunguka ndani ya nyumba yenye umbo la ganda la karanga ya punje mbili, na ncha zake zote tatu zinagusa ukuta muda wote. Nafasi kati ya kila ubavu na ukuta ndicho chumba cha kuvuta hewa, kuibana, kuchoma na kutoa moshi. RX-8 ina rota mbili, kwa hiyo vyumba sita.

Sasa nirudi kwenye kosa langu, maana nimegundua halikuwa langu peke yangu. Kila fundi aliyelelewa na injini za kawaida anajua kwamba moshi wa buluu na ugumu wa kuwaka ni ndugu wa tumbo moja. Kwenye pistoni ni kweli. Ringi za kuzuia gesi na ringi ya kukwangua oili zimekaa juu ya pistoni ileile, zinasugua ukuta uleule, na mara nyingi zinachoka pamoja. Oili ikianza kupanda juu, mgandamizo nao unashuka. Ndiyo maana ukiona moshi unajua na kompresheni, yaani huo mgandamizo, imeondoka.

Kwenye rotari kazi hizo mbili zimetenganishwa kabisa. Gesi inazuiwa na vipande vyembamba vya chuma vilivyochomekwa kwenye ncha tatu za rota, pamoja na sili, yaani viziba, nyembamba za pembeni. Oili inazuiwa na ringi za duara zilizoko kwenye nyuso bapa za rota, mbali na ncha, na kila moja inakaa juu ya mpira mwembamba. Chuma cha ncha kinaliwa kwa msuguano. Mpira unakakamaa kwa joto na kwa umri. Hakuna sababu ya kufa siku moja. Gari linaweza kuwa na mipira iliyokufa likatoa moshi kila asubuhi huku likiwaka kwa mguso mmoja wa ufunguo, na jingine likawa na ncha zilizolika likagoma kuwaka bila kutoa hata ukungu. Moshi na ugumu wa kuwaka ni mashahidi wawili tofauti, na kila mmoja anahojiwa peke yake.

Nianze na moshi wa buluu. Injini hii imeundwa ichome oili. Kuna pampu ndogo inayochota oili na kuipeleka kidogo kidogo kwenye vyumba vya kuchomea, kwa sababu ncha za rota hazina njia nyingine ya kupata ulainisho. Wavuvi wanaochanganya oili na petroli kwa ajili ya mashine ya boti wanalielewa jambo hili haraka kuliko wenye magari. Kwa hiyo oili kupungua kati ya sevisi na sevisi si ugonjwa. Kusahau kuangalia kijiti cha kupimia oili ndiyo hatari. Moshi mwingi wa buluu asubuhi, unaokata baada ya dakika chache, kwa kawaida ni ile mipira ya ringi za oili: gari likilala, oili inachuruzika na kutuama ndani ya nyumba ya rota. Moshi usiokata hata gari likiwa moto ni habari nyingine, na kwenye RX-7 zenye turbo lazima turbo yenyewe ikaguliwe kwanza, kwani nayo ikichoka hutoa moshi wa buluu uleule.

Gari la jirani yangu lilikuwa na kisa kingine. Fundi wa pili, mzee asiye na maneno mengi, alipofika hakufungua hata boneti.

"Mara ya mwisho ulipoliwasha ulikwenda wapi?"

"Sikwenda popote, mzee. Nilirudisha nyuma kidogo tu, gari la maji lipite."

"Likakaa likiwaka muda gani?"

"Dakika moja, labda haikufika."

"Basi hilo halijafa. Limezama kwenye mafuta."

Hapa ndipo penye utamu. Injini baridi hulishwa petroli nyingi kuliko inavyohitaji ikiwa na joto. Ukiizima kabla haijapata moto, petroli mbichi inabaki ndani. Ile petroli inaosha utando wa oili uliokuwa kwenye kuta, na utando huo ndio nusu ya sili. Mfikirie mtu mwenye pampu ya baiskeli ya zamani, ile yenye kikombe cha ngozi ndani. Ngozi ikikauka, utasukuma mpini mpaka jasho likutoke na tairi haliingii upepo. Hewa yote inapita pembeni. Dondosha matone mawili ya oili, sukuma tena, na mkono unahisi uzito papo hapo. Pampu haijabadilishwa kitu. Kilichorudi ni utando. Rota iliyooshwa na petroli iko hivyohivyo: chuma ni kizima, ncha ni nzima, lakini hewa inapita. Kila ukipiga stata zaidi, nozeli zinaongeza petroli nyingine na kuosha zaidi, na plagi zinalowa mpaka hazitoi cheche.

Dawa inafuata maelezo hayo. Kwenye RX-8, ukikanyaga mafuta mpaka chini wakati unapiga stata, kompyuta inakata petroli. Injini inazunguka kwa hewa tupu na kujikausha. Stata isipigwe mfululizo, iachwe ipoe kati ya raundi na raundi. Lisipowaka, plagi zote nne zinatolewa na kukaushwa, na oili kidogo inatiwa kwenye kila rota kupitia tundu la plagi. Fanya hivyo mahali pa wazi, koili za kuzipa plagi umeme zikiwa zimechomolewa na mtungi wa kuzimia moto ukiwa karibu, kwa maana ukizungusha injini plagi zikiwa nje, mvuke wa petroli unatoka matunduni. Mzee alitumia bomba la sindano la hospitali, akatia kiasi kidogo, akarudisha plagi. Stata ya tatu gari likaitika, na moshi ukatoka mwingi kuliko ule niliouona siku ya kwanza. Ulikuwa ni ile oili aliyoitia, ikiungua pamoja na petroli iliyobaki. Moshi nilioutolea hukumu mwanzoni ulikuwa jamaa yake wa karibu: petroli na oili iliyotuama, vikitoka kwa mpigo.

Ndiyo maana wenye magari haya hawalisogezi gari hatua mbili na kulizima. Wakiliwasha, wanaliacha lipate moto.

Lakini si kila rotari inayogoma imezama kwenye mafuta. Dalili inayotisha zaidi ni gari linalowaka vizuri asubuhi, ukienda nalo kituo cha mafuta ukazima, linakataa. Ukisubiri saa moja likapoa, linawaka. Joto linaufanya utando wa oili kuwa mwepesi, na ncha zilizolika zinashindwa kuziba. Stata iliyochoka nayo inazungusha polepole, hewa inapata muda wa kutoroka. Wengine huligundua hilo kwa kulisukuma: likisukumwa linawaka, kwa sababu mzunguko umekuwa wa kasi. Hata hivyo, betri dhaifu, koili zilizochoka au stata yenyewe zinaweza kuigiza dalili hiyohiyo, na zote ni rahisi kuliko injini. Ni lazima kupima.

Na kipimo nacho kina mtego. Geji ya kompresheni ya kawaida ina kivalvu kidogo mwishoni mwa mpira, kama kile cha tyubu, kinachoshika shinikizo la juu kabisa lililofika. Kwenye pistoni hiyo inatosha. Kwenye rota, vyumba vitatu vinapita mbele ya tundu moja la plagi, na geji itakuonyesha chumba chenye nguvu tu. Viwili vinaweza kuwa vimekufa na sindano ikasimama pazuri.

Kwa hiyo yule mzee alikitoa kivalvu, akanikabidhi simu nirekodi sindano ikicheza. Stata ikizungusha shafti, mhimili wa injini, mara 250 kwa dakika, kila rota inatoa pigo moja kwa kila mzunguko wa shafti, yaani mapigo kama manne kwa sekunde. Ni kama wanawake watatu wanaotwanga kinu kimoja kwa zamu. Ukiwa nje ya ua humwoni hata mmoja, lakini mmoja akichoka unasikia: du, du, du, kisha du, ti, du. Rota nzima inapiga sawasawa. Pigo moja likiwa dhaifu katika matatu, tafuta sili ya pembeni ya chumba hicho. Mapigo mawili yanayofuatana yakiwa dhaifu, shuku ncha, kwa sababu ncha moja ni ukuta wa pamoja kati ya vyumba viwili. Ukuta wa nyumba ya kupanga ukibomoka hakai uchi mpangaji mmoja. Wanaonana wote wawili.

Bila kivalvu, namba zinasomeka chini kuliko hali halisi, kwa hiyo kipimo hiki ni cha kulinganisha mapigo. Kwa namba zenyewe, Mazda iliiwekea RX-8 shinikizo la kilopaskali (kPa) 830 kwa injini mpya, na isishuke chini ya 680, karibu psi 99, kwa mizunguko 250. Vyumba vya rota moja visipishane zaidi ya kPa 150, na rota zisipishane zaidi ya 100. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Nairobi, iliyo juu zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi kiasi cha kushusha kipimo kwa asilimia 15 hadi 20, na injini iliyofaulu Dar es Salaam inaweza kuonekana imefeli huko ikiwa fundi hakufanya marekebisho.

Moshi mweupe niuseme kwa ufupi. Mvuke wa dakika za mwanzo kwenye asubuhi ya baridi ni wa kawaida. Mweupe mzito wenye harufu tamu, gari likianza kwa kutetemeka kama limepoteza rota moja, huku tangi la kulant likitoa mapovu na kupungua, ni maji ya kupozea yanayoingia chumbani. Fundi wa pistoni atakwambia gasketi ya silinda hedi, ambayo humu haimo. Hapa mapande ya injini yamepangwa kama mkate wa boflo uliokatwa vipande, yakabanwa kwa boliti ndefu, na kati yake kuna sili za mpira. Injini ikichemka hata mara moja, mpira huo unaweza kuungua, na hapo hakuna njia ya mkato, injini inafunguliwa.

Ile video ya simu tuliitazama kwa mwendo wa polepole, tumechutama pembeni ya gurudumu la mbele. Rota ya mbele ilipiga du, du, du. Ya nyuma nayo hivyohivyo, chini kidogo, lakini sawasawa. Mzee akairudisha geji kwenye sanduku, akaomba apewe oili lita moja, kwa sababu kijiti kilikuwa kinasoma alama ya chini.