“Hali Ni Ngumu, Tungoje Bei Ishuke”: Ninayoyasikia Kila Novemba

Leo ni Jumatano tu na tayari kauli hiyo nimeisikia mara nne kutoka kwa wateja wa tiketi. Aliyefungua wiki ni mwalimu mmoja wa Kondele, hapa Kisumu, mteja wangu wa miaka mingi. Anataka kumpeleka mkewe na watoto watatu Mombasa wakati wa Krismasi. Nikamtajia bei ya ndege, akacheka. “Dadangu, watu hawana pesa mwaka huu. Hizo ndege zitaruka tupu. Ngoja uone, kufikia tarehe 20 watakuwa wakitubembeleza.”

Mwalimu, nimewakatia watu tiketi hapa Kisumu miaka kumi na minne. Sijawahi kubembelezwa na ndege tarehe 20 Desemba.

Najua dhana hii inakotoka. Ukienda soko la Kibuye jioni, nyanya zikiwa zimebaki, mama atakumiminia fungu mbili kwa bei ya moja. Basi mtu anadhani kiti cha ndege nacho ni nyanya. Lakini mama wa Kibuye hana namna ya kupunguza nyanya alizokwisha kuzileta sokoni. Shirika la ndege linayo. Abiria wakipungua, safari tatu za siku zinakuwa mbili, au ndege kubwa inapumzishwa na ndogo inachukua zamu, na ile inayoruka inajaa. Lazima ijae, kwa sababu mafuta, rubani na ada za kutua havijui kama mko ishirini au sabini. Hoteli za pwani nazo zinaujua mchezo huo. Msimu ukiwa mbovu hufunga jengo moja zima, vibarua wanaambiwa watapigiwa simu, na vyumba vilivyobaki vinauzwa bei ileile. Kwa hivyo uchumi ukianguka, kinachopungua kwanza ni viti na vyumba. Bei huja baadaye, kama inakuja.

Halafu kuna mafungu. Viti vya daraja la kawaida kwenye ndege moja havina bei moja. Vimegawanywa: fungu la chini linauzwa kwanza, likiisha linafunguliwa la juu yake, kisha la juu zaidi. Aliyengoja hukuta fungu la mwisho, ambalo limewekewa mtu aliyefiwa, mtu mwenye kesi mahakamani kesho, na mtu ambaye mwajiri ndiye anayelipa. Hao hawabishani bei. Wewe na familia yako mnaingia kwenye foleni yao, kisha unaniuliza mimi mbona nimekuwa ghali.

Ofa za dakika za mwisho zipo kweli, lakini chimbuko lake ni kule Uingereza na nchi jirani zake, ambako kampuni za utalii hununua viti na vyumba kwa jumla miezi mingi kabla. Visipouzwa hasara ni yao, ndiyo maana mwishoni wanaviuza kwa bei ya kutupa. Binamu yako aliyeko huko alienda Uhispania kwa bei ya bure, akakusimulia, ukaiweka akilini. Huku kwetu biashara nyingi ya likizo ya Desemba haiendeshwi hivyo.

Na reli je? Nauli ya SGR, ile reli ya kisasa kati ya Nairobi na Mombasa, hupangwa kwa tangazo. Haishuki behewa likiwa tupu wala haipandi likijaa. Kungoja treni hakukupunguzii hata shilingi moja, kunakunyima kiti. Tena Januari 2024, shilingi ikiwa taabani na kila mtu akilia hali, nauli ya daraja la kawaida ilitoka 1,000 ikawa 1,500, ya daraja la kwanza ikatoka 3,000 hadi 4,500. Sababu iliyotolewa ni gharama ya mafuta. Huo ndio ugumu wa maisha wenyewe: mafuta yaleyale yanayokufanya usiwe na pesa ndiyo yanayoendesha gari moshi.

Jambo ambalo wateja hawalioni hata nikilichora kwenye karatasi ni mwelekeo. Krismasi, hali iwe ngumu iwe laini, mtu wa Siaya aliyeko Nairobi ataenda dala, yaani nyumbani kwao huku magharibi. Mtu wa Vihiga na wa Busia vilevile. Mabasi yanatoka Nairobi yamejaa hadi mlangoni na kurudi karibu matupu, na nauli unayoilalamikia inalipia kwenda na kurudi kwa basi hilo. Ndege ni vivyo hivyo. Sasa sisi wa Kisumu tunaoenda pwani tunakwenda kinyume cha wimbi. Kisumu kwenda Nairobi tarehe 21 Desemba nafasi huwa ipo, na kurudi tarehe 2 Januari pia, maana wakati huo umati ndio unarudi mjini. Kinachouma ni kipande cha Nairobi hadi Mombasa. Kipande hicho kilipie mapema, hicho kingine ukitaka kucheza nacho, cheza.

Mwenye watoto ambao hawajaanza shule, au asiye na watoto, nitamwambia ninavyowaambia chama cha akina mama wa Mamboleo kila mwaka: nendeni mwishoni mwa Januari. Karo imeshalipwa, mifuko imekauka nchi nzima, na hapo ndipo hoteli zinapokupokea kwa mikono miwili. Kama unataka kuona uchumi mbaya ukishusha bei, uko Januari, Februari na Mei. Desemba haupo. (Na kwa nini lazima iwe ufuo wa Diani kule pwani? Msitu wa Kakamega uko karibu hivi, na sijaona mteja aliyerudi kutoka kisiwa cha Rusinga akidai pesa zake.)

Mengine ninayoambiwa na wateja nitayapita haraka.

“Shilingi imeimarika, mbona hampunguzi?” Dola ilikuwa karibu shilingi 160 mwanzoni mwa 2024, ikashuka hadi karibu 130 kabla mwaka kuisha. Ukienda Zanzibar au Dubai, kwenye hoteli inayotoza kwa dola, nafuu uliiona: dola 500 zilikuwa shilingi 80,000, zikawa kama 65,000. Lakini hoteli ya Nyali, Mombasa, inanunua sukuma, inalipa umeme na mishahara kwa shilingi. Dola ishuke, mpishi wake hapunguziwi mshahara.

“Hoteli tupu itakubali bei yoyote.” Haikubali, kwa sababu bei ikishatangazwa chini, mteja wa mwezi ujao anaitaka hiyohiyo. Omba vitu: mtoto alale bure, chakula cha jioni kiingie ndani ya bei, usiku wa nne bila malipo. Meneja anayekataa kukupunguzia elfu mbili atakupa chakula cha elfu tano huku anatabasamu.

“Wageni wakipungua, mbuga zitashusha ada.” Ilitokea wakati wa korona, serikali ilipopunguza ada za mbuga zake kwa nusu kuanzia Julai 2020. Usiifanye kanuni. Maasai Mara mwaka 2024 ilimpandishia mgeni kutoka nje hadi dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba.

“Siku hizi hakuna anayesafiri.” Mei 2022 unga na mafuta ya kupikia yalikuwa yamepanda, na bado mkutano wa Africities, ule wa viongozi wa miji ya Afrika, ulipokuja hapa Kisumu, chumba kilikuwa dhahabu. Uliza Naivasha siku za mashindano ya magari ya Safari Rally. Watu hawaachi kusafiri. Wanapunguza siku, wanashuka kwenye ndege na kupanda basi, wanaacha Mombasa na kwenda kuona chemchemi za maji moto Bogoria. Wote hao bado wanagombania vitanda.

Nikiwa naandika haya mwalimu amepiga simu. Anauliza kama viti vitano vya tarehe 22 bado vipo kwa bei ya Jumatatu. Vimebaki vitatu kwenye fungu lile, na ukiomba vitano kwa pamoja mtambo unavitoza vyote bei ya fungu la juu. Nimemgawia: watatu kwenye tiketi moja, wawili kwenye nyingine. Ameuliza kama watakaa pamoja. Nimemwambia atume pesa kwanza.