Je, wajua kwa nini yatima wa kwenye muvi za Krismasi hanaga bibi?

Krismasi iliyopita tulikuwa nyumbani Nkuhungu, mvua inapiga tangu asubuhi, si unaijua Dodoma yetu, msimu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka kwahiyo ikiamua kushuka Desemba inashuka kama inalipa deni, mtaa mzima tope na hakuna wa kutoka. Pilau limeshaliwa, soda zimeisha, watoto wamejazana sebuleni na nguo zao mpya zilizokwishaingia mchuzi. Nikachomeka flashi niliyojaziwa muvi na jamaa mmoja pale Majengo, ikaja ile ile unayoijua, hata jina silikumbuki maana zinafanana kama mapacha: kituo cha yatima kinataka kufungwa, theluji inaanguka, kuna mzee tajiri amenuna, na kuna katoto ka kike kenye macho makubwa kamekumbatia mdoli ulionyofoka jicho. Watoto kimya kabisa. Mara mpwa wangu wa miaka 7 akauliza kwa sauti:

"Mjomba, kwani huyu hana hata bibi?"

Tukacheka, ila lile swali likanikaa. Maana kweli hana. Hana bibi, hana shangazi, hana baba mkubwa, hana hata jirani wa kumwambia njoo ule. Huku kwetu wazazi wakifariki, matanga hayajaanuliwa kikao cha ukoo kimeshakaa na mtoto ana pa kwenda, wakati mwingine wanagombania hadi nani amchukue, na wakati mwingine kwa sababu ya shamba la marehemu tusidanganyane, lakini pa kwenda anapo. Sasa mabibi wa wenzetu walienda wapi?

Kwanza historia, na hapa mimi mwenyewe nilishangaa. Mwaka 1739 pale London nahodha mmoja mstaafu anaitwa Thomas Coram alipata hati ya mfalme ya kuanzisha Foundling Hospital, usidanganywe na jina, haikuwa hospitali ya wagonjwa bali makazi ya watoto waliotelekezwa, jamaa alichoka kupishana na vichanga vimetupwa njiani. Kumbe wengi wa hao watoto hawakuwa yatima! Mama zao walikuwa hai, shida ilikuwa umaskini au mimba ya nje ya ndoa. Mama akimleta mtoto alikuwa anaacha alama, labda sarafu iliyokwaruzwa herufi, labda kitambaa kimekatwa vipande viwili, kimoja kinabaki kwenye karatasi za mtoto na kingine anaondoka nacho, ili siku akijiweza arudi, vile vipande vikutanishwe, adai mwanawe. Vitambaa hivyo vipo mpaka leo, maelfu, vimehifadhiwa, kimoja maua, kingine mistari, kingine mkono wa gauni la kichanga. Waliorudi kudai walikuwa wachache mno. Kwahiyo ukiona kwenye muvi binti ana kidani nusu shingoni na nusu nyingine sijui iko wapi, usiseme mtunzi ametia chumvi, kuna akina mama waliishi hivyo kweli.

(Na kama unaimba kwaya, hii ya kwako: mwaka 1750 mtunzi wa muziki Handel mwenyewe aliongoza utunzi wake wa Messiah, ule wenye Haleluya inayowatoa jasho watu wa sauti ya kwanza, kwenye kanisa la hicho kituo ili kuchangisha hela za watoto, na ikawa inarudiwa kila mwaka.)

Marekani nako ikawa kubwa zaidi. Kuanzia 1854 mpaka 1929 watoto zaidi ya 200,000 kutoka miji kama New York walipakiwa kwenye treni wakapelekwa kwa wakulima wa bara. Treni ikifika stesheni watoto wanashushwa, wanapangwa mstari, mara nyingi kanisani au ukumbini, watu wa pale wanapita wanawaangalia halafu wanachagua, wengine wanatafuta mtoto wa kulea na wengine wanatafuta mikono ya kazi shambani. Asiyechaguliwa anapanda tena mpaka stesheni ya mbele. Ndugu wengi waliachanishwa hivyo. Sisi wa Dodoma ni watu wa reli tangu enzi za Mjerumani, na tangu 2024 tuna treni ya kisasa ya SGR, sasa hebu vuta picha inasimama pale inashusha mabehewa ya watoto wasio na mtu wa kuwapokea. Na hapa napo wengi walikuwa na mzazi hai huko walikotoka. Bibi hakufa, aliachwa kilomita elfu moja nyuma.

Sasa Krismasi imeingiaje? Lawama, au sifa, nyingi zinaenda kwa mwandishi wa Uingereza Charles Dickens. Mwaka 1824 akiwa na miaka 12 baba yake alifungwa kwa madeni, na yeye badala ya shule alikuwa kiwandani anabandika lebo kwenye vikopo vya dawa ya viatu. Kidonda hicho hakikupona. Kwanza akaandika Oliver Twist, mtoto yatima anayeomba aongezewe uji, halafu tarehe 19 Desemba 1843 akatoa A Christmas Carol, tajiri bahili anabadilika usiku mmoja wa Krismasi, nakala 6,000 zikaisha kabla ya sikukuu yenyewe. Waliokuja nyuma yake wakachukua yatima wa chungu kile na tajiri wa chungu hiki, wakapika pamoja, na mpaka leo tunapakuliwa chakula hicho hicho kila Desemba.

Miaka miwili baadaye, 1845, Hans Christian Andersen wa Denmark akaandika kisa cha kasichana kanakouza viberiti kwenye baridi usiku wa mwisho wa mwaka. Huyu baba anaye, tena mkali, lakini akiwasha njiti anamwona nani kwenye ule mwanga? Bibi yake! Marehemu bibi, mtu pekee aliyewahi kumpenda. Anawasha kiberiti kizima ili bibi asipotee. Kwahiyo mpwa wangu aliuliza jambo ambalo mabingwa wa hizi hadithi walishalijua zamani: bibi ndo kila kitu, na ndo maana lazima aondolewe. Akiwepo, muvi inaisha dakika ya nane, mtoto ameshachukuliwa, ameogeshwa, anakula ugali na mlenda, tajiri atanuna peke yake huko.

Halafu kuna ufundi wa kukuliza. Angalia vizuri siku nyingine, chozi halitoki pale mtoto anapoteseka, hapo unakunja uso tu. Linatoka mlango ukifunguliwa, mtu akisema ingia. Wanakubania dakika themanini ndo wanakufungulia. Na ile sura ya katoto inayokumaliza, mara nyingi katoto hakafanyi chochote. Miaka kama 100 iliyopita Mrusi mmoja mtengeneza filamu anaitwa Lev Kuleshov alichukua uso uleule wa mwigizaji, hauna furaha wala huzuni, akauunganisha mara na bakuli la supu, mara na jeneza, mara na mwanamke, watu wakasifia jinsi jamaa alivyoigiza njaa, msiba na mapenzi, kumbe uso ni mmoja. Kwenye muvi ya Krismasi wanaweka uso wa mtoto, wanaweka dirisha la watu wanaokula, kazi iliyobaki unaifanya wewe na kitenge chako cha kufutia machozi. Hata theluji ni hivyo hivyo. Muvi moja maarufu ya Krismasi ya 1946, It's a Wonderful Life, ilipigwa wakati wa joto, theluji yake ni povu la kuzimia moto limechanganywa na sabuni na maji, na kabla ya hapo walikuwa wanatumia kofleksi, zile za mahindi za kula na maziwa, zilizopakwa rangi nyeupe, mwigizaji akikanyaga zinalia kwacha kwacha mpaka sauti inabidi irekodiwe upya.

Kitu kimoja tu huwa kinanishinda, ile hakimu kusaini karatasi za kuasili mtoto usiku wa tarehe 24. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 hapa kwetu unaenda Mahakama Kuu, uwe na miaka 25 na umzidi mtoto si chini ya miaka 21, na ukiwa mgeni uwe umeishi nchini miaka mitatu mfululizo. Na kuanzia katikati ya Desemba mpaka mwisho wa Januari Mahakama Kuu iko likizo. Muvi yao ingepigwa Dodoma katoto kangesubiri mpaka Februari.

Ila nisijifanye kwamba huku hakuna vituo. UKIMWI ulipowamaliza wazazi, mabibi walibeba wajukuu watano, sita, mpaka migongo ikakataa, na Kijiji cha Matumaini hapa mjini kilianza 2002 kwa ajili ya yatima wanaoishi na VVU. Na kwa hesabu za UNICEF yatima ni aliyefiwa na hata mzazi mmoja. Yaani huyu mpwa wangu muuliza maswali naye ni yatima, dada yangu alifariki mtoto ana miaka miwili. Sijawahi kusikia mtu akimwita hivyo pale nyumbani, na sidhani kama yeye anajua neno hilo linamhusu. Muda wote anauliza alikuwa ameegemea paja la mama yangu, anakula vipande vya nyama vya bibi.

Umeme ukakatika kabla muvi haijaisha, bila shaka. Uliporudi saa nne usiku watoto wote wamelala, nikaimalizia peke yangu. Kesho yake kwenye chai akaniuliza ikawaje. Nikamwambia yule mzee aliyenuna alifungua mlango, akamwingiza ndani na mdoli wake, akamwambia kuanzia leo niite babu.

"Kwahiyo alikuwa naye," akasema, akachovya andazi.