Mbwa mwitu ni mnyama gani hasa?

Huku kwetu kusini Unguja, mbuzi akiuliwa usiku, asubuhi utasikia: "Mbwa mwitu hao!" Waliomuua kweli ni mbwa, lakini ni mbwa koko, kizazi cha mbwa wa watu waliokosa mwenyewe. Mbwa mwitu ni mnyama mwingine kabisa. Unguja hayupo, na Pemba hayupo.

Mtazame mbwa koko mguu wa mbele, huna haja ya kumgusa. Upande wa ndani, juu ya wayo, ana kidole cha tano chenye ukucha kisichofika chini. Mbwa mwitu hana hicho, vidole vyake ni vinne tu. Masikio yake ni makubwa ya duara, na mabaka yake meusi, meupe na ya manjano hayafanani na ya mwenzake yeyote. Yeye na mbwa wa nyumbani hawazaliani.

Mbwa mwitu wako Bara, kwenye mbuga na misitu ya miombo, kama katika hifadhi za Nyerere na Ruaha. Huwinda kwa kundi. Mwaka 2017 watafiti waliowafuatilia Botswana walieleza kwamba kabla ya kuondoka kwenda kuwinda hupiga chafya, na zikizidi, kundi hunyanyuka. Kundi moja huweza kuzunguka kilomita za mraba 500 na zaidi. Unguja nzima ni kama 1,600. Ndiyo maana barabara na mashamba yanawamaliza, pamoja na mitego na kichaa cha mbwa wanachoambukizwa na mbwa wa vijijini. Afrika nzima wamebaki takriban 6,600, na hilo linaniuma.

Bweha ni jamaa yake. Fisi siye, yuko karibu zaidi na nguchiro na paka. Katika hadithi zilizotafsiriwa kutoka Ulaya, jina "mbwa mwitu" amepewa mnyama wa nchi za baridi, ambaye mbwa wa nyumbani wametokana na ukoo wake.

Pemba ilitengwa na Bara zamani sana, kwa mkondo wenye kina kirefu. Unguja ilikuwa imeungana na Bara hadi bahari ilipopanda, kama miaka 10,000 iliyopita. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wamekuta mifupa ya punda milia, ishara kwamba wanyama wa Bara waliwahi kufika huku kwa miguu.