Fundi wa gari la kifahari lililozeeka: dhana potofu na ukweli wake

Gari la kifahari likifikisha miaka 15, bei yake sokoni inaweza kuwa imeshuka hadi kulingana na ya gari dogo la kawaida, lakini bei ya vipuri vyake na saa za kazi zinazohitajika kulifungua na kulifunga hubaki zile zile za gari ghali. Mmiliki wa pili au wa tatu hukumbana na pengo hilo taa ya kwanza inapowaka kwenye dashibodi, na katika kumtafuta fundi mwaminifu anayemmudu huongozwa na imani ambazo, kwa maoni yangu, humtia hasara kubwa kuliko ubovu wenyewe.

Dhana: ni gereji ya wakala pekee inayoliweza gari la namna hii

Imani hii haikosi ukweli kabisa. Kasoro za kiwandani ambazo mtengenezaji ametangaza kuzirekebisha bila malipo ni za kupeleka kwa wakala wake, na mara nyingi hata funguo zenye siri ya kielektroniki. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi za wakala ni magari mapya yaliyo ndani ya waranti, ilhali fundi huru aliyejikita katika aina moja ya gari hushinda na magari yaliyochakaa. Aliyezoea BMW za E46 (toleo la zamani la 3 Series), kwa mfano, hahitaji kuambiwa kwamba tangi la plastiki la maji ya kupoozea injini hupasuka kwa uzee; atalikagua hata kama gari limeletwa kwa ajili ya breki. Programu za uchunguzi za watengenezaji wenyewe, kama ISTA ya BMW, XENTRY ya Mercedes-Benz na ODIS inayotumika kwa Volkswagen na Audi, hupatikana pia kwa mafundi huru wanaozilipia. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama gereji ina kompyuta. Uliza inatumia programu ipi, na kwa magari yapi.

Dhana: kompyuta husema kipuri kipi kimekufa

Hii ndiyo dhana inayokula fedha nyingi zaidi, na wapo mafundi wanaoiendeleza kwa sababu inawapunguzia kazi ya kufikiri. Mfumo wa OBD-II, yaani mfumo wa gari wa kujichunguza lenyewe, uliofanywa wa lazima kwa magari mapya Marekani kuanzia toleo la 1996, hutoa msimbo unaoeleza kile ambacho gari limekigundua, wala haukati shauri kuhusu chanzo chake. Msimbo P0171 husema kwamba mchanganyiko wa mafuta na hewa una mafuta machache mno katika upande mmoja wa injini. Chanzo kinaweza kuwa mpira wa kupitishia hewa uliopasuka, sensa chafu ya kupima hewa inayoingia, pampu ya mafuta iliyochoka au chujio lililoziba, na kati ya mpira na pampu kuna tofauti kubwa sana ya gharama. Fundi wa kweli atapima msukumo wa mafuta, atapuliza moshi kwenye njia za hewa ili aone unapovuja, kisha ndipo ataje kipuri.

Tazama pia Mercedes-Benz S-Class ya toleo la W220, inayotumia springi za hewa zinazojazwa na kompresa. Springi moja ikivuja, gari hulala upande mmoja usiku, na kompresa hulazimika kufanya kazi kupita kiasi hadi ife. Anayebadilisha kompresa bila kuutafuta uvujaji huo huuza kipuri cha gharama kubwa ambacho nacho kitaungua. Ndiyo maana ninashauri kwa dhati kulipia uchunguzi kama kazi inayojitegemea, na kuomba kuonyeshwa vipimo kabla ya kuruhusu ununuzi wowote. Fundi anayekasirishwa na ombi hilo ameshajieleza.

Dhana: kipuri kisicho na nembo ya gari ni bandia

Watengenezaji wa magari hawatengenezi kila kitu wao wenyewe. Giaboksi za familia ya 6HP za ZF, kampuni inayotengeneza giaboksi, zimefungwa katika BMW, Jaguar na Audi, na vipuri vingi vya umeme na vya injini hutoka kampuni kama Bosch au Mahle. Kipuri kile kile, kikiuzwa kwenye boksi la aliyekitengeneza, kwa kawaida huwa nafuu kuliko chenye nembo ya gari. Bandia zipo kweli, tena huigiza maboksi hayo hayo, hivyo muuzaji anayejulikana ni muhimu kuliko nembo. Vipuri vilivyotumika navyo vina mahali pake: mlango, taa au kioo havina shida, lakini breki na mipira ya suspensheni (mfumo unaobeba gari juu ya magurudumu) visinunuliwe vilivyotumika. Omba urudishiwe kipuri cha zamani pamoja na boksi la kipya.

Dhana: oili ya giaboksi ni ya maisha yote ya gari

Baadhi ya watengenezaji wa magari wameandika hivyo, lakini ZF wenyewe hupendekeza oili ya giaboksi zao za otomatiki ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Jambo hili linafaa kuwa swali la kumpima fundi. Anayejibu kwamba haiguswi kamwe, na anayetaka kuimwaga bila kuuliza gari limetembea kiasi gani wala kuangalia aina ya oili inayotakiwa, wote wawili hawajalisoma gari lako.

Dhana: malipo madogo kwa saa ndiyo unafuu

Fundi anayetoza mara mbili ya mwenzake kwa saa, akamaliza kazi kwa saa mbili kwa sababu ana kifaa maalumu na uzoefu, ni nafuu kuliko anayehangaika siku nzima na kuvunja vishikio vya plastiki vilivyokauka.

Dhana: fundi hutafutwa gari likiharibika

Gari likiwa limevutwa, mmiliki hana nguvu ya kukataa bei. Mpelekee fundi kazi ndogo gari likiwa zima, kama kubadilisha oili pamoja na ukaguzi wa jumla, na umwombe orodha ya kasoro iliyoandikwa, ikitenganisha zinazohatarisha usalama na zinazoweza kusubiri. Orodha hiyo ipeleke kwa fundi wa pili. Wakikubaliana katika mambo makubwa, rudi kwa yule wa kwanza na mwandikiane kiwango cha gharama ambacho hatakivuka kabla ya kukupigia simu.